Mwanangu ana usonji: nichague programu gani ya simu?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Shikamoo, na pole na majukumu. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Nkuhungu, jijini Dodoma. Ninakuandikia kuhusu mtoto wangu wa pili, wa kiume, mwenye umri wa miaka sita, ambaye mwaka jana madaktari walituambia kwamba ana usonji. Maneno anayoyatamka sawasawa hayafiki kumi, na mengi kati ya hayo huyatamka anapoigiza matangazo ya redio, si anapotaka kitu. Akitaka maji hunivuta mkono mpaka kwenye ndoo. Akitaka kitu nisichokielewa hulia na kujipiga kichwani kwa kiganja, nami hubaki nikimwonyesha hiki na kile mpaka nibahatishe au yeye mwenyewe achoke.

Mwanzoni mwa mwaka nilisikia kwamba simu zinawasaidia watoto wa namna hii, nikapakua programu nyingi kadiri simu yangu ilivyoweza kubeba: ya herufi za Kiingereza, ya rangi, ya kuunganisha picha, na moja ya kupasua maputo. Anazipenda mno, na YouTube anaifungua haraka kuliko mimi. Lakini sijasikia neno hata moja jipya, na nikiichukua simu ili nijibu wateja wangu wa vitenge, jirani wa nyumba ya tatu anajua kwamba nimeichukua.

Hivi karibuni mtu mmoja aliingia katika kundi letu la wazazi la WhatsApp akatangaza kishikwambi chenye "programu ya tiba ya usonji" kwa shilingi laki tisa na nusu, pamoja na ada ya kila mwezi. Anadai watoto huanza kuzungumza ndani ya miezi mitatu. Mimi nina laki mbili nilizoweka kwenye kikoba, na nimeanza kufikiria kukopa. Baba yake, ambaye anafanya kazi Mtumba, hataki kabisa. Anasema mtoto akizoea kubonyeza, ulimi wake utalala moja kwa moja. Mama mkwe wangu, anayeishi Bahi, anaamini kwamba simu ndiyo iliyomletea mtoto tatizo. Na mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu anakosoma ameniambia kwamba simu haziruhusiwi shuleni, hata kama zinasaidia.

Naomba unielekeze: nichukue programu ipi, na je, nikope kwa ajili ya kile kishikwambi?

Mama wa Nkuhungu, Dodoma

JIBU

Marahaba, mama, na asante kwa barua iliyoeleza mambo kwa kina. Katika yote uliyoniandikia, lililonisimamisha ni lile la ndoo ya maji. Mtoto anayemvuta mama yake mkono mpaka kwenye ndoo anajua anachotaka, anajua nani wa kumpatia, na anajua kwamba mtu huyo anaweza kuombwa. Anachokosa ni njia ya kukitaja kitu ambacho hakipo mbele ya macho, na hapo ndipo kilio na kujipiga vinapoanzia. Programu unayoitafuta ni ile itakayompa njia hiyo. Zile ulizopakua hazina ubaya, ila hazikutengenezwa kwa kazi hiyo: ya rangi inafundisha rangi, ya maputo inaburudisha, na mtoto anaweza kupasua maputo kutwa nzima bila kumwambia mtu yeyote jambo lolote.

Programu za kazi hiyo huitwa programu za mawasiliano mbadala. Skrini hugawanywa kuwa vitufe vyenye picha. Mtoto akigusa kimoja, simu hutamka neno lake, na akigusa viwili au vitatu kwa mfuatano, simu hutamka sentensi. Ziko nyingi, na bei zake zimepishana mno. Proloquo2Go, iliyotolewa mwaka 2009 na kampuni ya AssistiveWare ya Uholanzi, ni miongoni mwa zinazosifiwa sana duniani na sina sababu ya kuibeza. Hata hivyo, hufanya kazi kwenye vifaa vya Apple pekee, bei yake ni karibu dola 250 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi laki sita kabla hujanunua kifaa chenyewe, na lugha zake ni Kiingereza, Kihispania, Kifaransa na Kiholanzi. Kwa mtoto anayesikia Kiswahili tangu anapoamka mpaka anapolala, hizo ni fedha nyingi za kununulia lugha za watu wengine.

Kwa hali yako ningeanza na mojawapo ya mbili zisizolipiwa. LetMeTalk ni ya simu za Android. Ina picha zaidi ya 9,000, haihitaji intaneti ikishapakuliwa, na inakuruhusu kuongeza picha ulizopiga mwenyewe. Michoro yake inatoka ARASAAC, hazina ya picha inayogharimiwa na serikali ya jimbo la Aragón nchini Hispania na kutolewa bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, kwa hiyo picha zile zile unaweza kuzichukua na kuzichapisha kwenye karatasi. Nyingine ni Cboard, programu huria iliyopata ufadhili wa mfuko wa ubunifu wa UNICEF, ambayo inakuruhusu kurekodi sauti yako katika kitufe unachokitengeneza. Pakua zote mbili, kaa nazo jioni moja mtoto akiwa amelala, na ujaribu kutengeneza kitufe kimoja chenye picha ya kikombe chake. Itakayokukubalia bila kukutoa jasho ndiyo uichukue, kwa sababu kazi ya kuongeza vitufe itakuwa yako wiki baada ya wiki, na programu nzuri inayokuchosha itaachwa kabla mwezi haujaisha.

Kabla ya kuamua, zifanyie majaribio mawili. Kwanza, iweke simu katika hali ya ndegeni, kisha ubonyeze vitufe kadhaa. Programu nyingine huonyesha picha zote vizuri bila mtandao lakini hazitoi sauti, kwa kuwa sauti yenyewe huletwa kwa intaneti. Na ninyi mtakwenda Bahi, na kuna siku bando litaisha mkiwa sokoni Majengo. Pili, sikiliza simu inavyotamka Kiswahili. Sauti ya Kiingereza ikisoma "nimechoka" hutoa kitu ambacho hata wewe uliyekiandika hutakitambua. Ingia katika mipangilio ya simu, sehemu ya kusoma maandishi kwa sauti, utazame kama Kiswahili kimo na kama sauti yake inaweza kupakuliwa ikakaa ndani ya simu. Kama haimo, rekodi. Na ukirekodi, mimi ningependelea sauti ya mtoto mwenzake, ndugu yake au wa jirani, kuliko yako wewe. Mvulana wa miaka sita anayezungumza kwa sauti ya mama yake atachekwa na wenzake uwanjani, naye ataiacha simu mfukoni.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo wauzaji huiruka, nayo ndiyo inayoamua kama programu itatumika au itafutwa: maneno utakayoyaweka. Programu hizi zimeundwa ughaibuni, na ukifungua ukurasa wa chakula utakutana na piza, sandwichi na baga. Futa. Piga picha ya sahani ya ugali na mlenda kama mnavyoipakua nyumbani, bakuli lake la uji, ndoo yenu, bajaji mnayopanda, mlango wa choo chenu. Watoto wengi wenye usonji hutambua picha ya kikombe chao wenyewe mapema kuliko mchoro wa kikombe cha mtu asiyemjua. Tazama pia jinsi sentensi zinavyojengwa humo: kwa kuwa Kiingereza hutenganisha mtendaji na kitendo, programu hizi huweka kitufe cha "mimi" na kitufe cha "taka", na mtoto akivifuata atasema "mimi taka maji". Andika kitufe kimoja cha "nataka", kingine cha "sitaki", kingine cha "naumwa", kila kimoja neno zima kama mnavyolisema nyumbani.

Usijaze majina ya vitu peke yake. Mtoto aliyepewa picha za vyakula tu hugeuka kama mteja wa mgahawa: anaagiza, analetewa, na mazungumzo yamekwisha. Weka mapema maneno yanayofanya kazi kila mahali, kama "tena", "basi", "nisaidie", "ngoja", "twende", "wapi" na "naumwa". Zaidi ya yote weka "sitaki", na uwe tayari kuiheshimu. Akibonyeza "sitaki" mbele ya uji, ondoa bakuli, hata kama uliamka alfajiri kuupika. Baada ya muda utajua lini umbembeleze, lakini katika wiki za mwanzo mtoto anapima kama kitufe kile kina nguvu yoyote duniani. Nina hakika kwamba sehemu ya vile vipigo vya kichwa ni neno hilo, ambalo hajapata pa kuliwekea.

Na weka "shikamoo". Programu kutoka ughaibuni haiji na kitufe hicho, nawe unajua mtoto asiyeamkia anavyotazamwa kwetu. Akiwa na kitufe cha "shikamoo" mahali pa wazi kwenye ukurasa wa kwanza, atakuwa na kitu cha kufanya kila mgeni anapoingia, na mgeni atakuwa na "marahaba" ya kumjibu. Hapo mazungumzo yameanza bila mtu kulazimishwa kutazamana na mwenzake usoni. Kwa bibi yake wa Bahi, mwombe yeye mwenyewe arekodi salamu ya Kigogo, "mbukwenyi", kwa sauti yake, katika kitufe chenye picha yake. Sauti iliyorekodiwa haijali kama ni Kigogo au Kiswahili, na bibi anayejisikia ndani ya simu huenda akaacha kuilaumu.

Ukishakipa kitufe mahali pake, usikihamishe. Mtoto hukariri mahali kidole kinapokwenda, kama wewe unavyoandika namba ya siri ya simu yako bila kuitazama, na ukipanga upya ukurasa kila wiki kwa sababu umeona mpangilio mzuri zaidi, unamfutia alichojifunza. Chagua tangu mwanzo ukurasa wenye nafasi nyingi, ujaze chache, na uache nyingine tupu kwa ajili ya maneno yajayo.

Kuhusu kumfundisha kuitumia, hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa, kwa kuwa humpa mtoto simu na kusubiri. Anayepaswa kubonyeza kwanza ni wewe. Chukua bakuli la zabibu, maana hapo Dodoma si mali ya kutafutwa, uzikate katikati ili zisimkwame, kisha mkae mkekani simu ikiwa kati yenu na bakuli mkononi mwako. Mpe kipande kimoja. Bonyeza "tena", useme "tena" kwa mdomo wako, umpe kingine. Rudia mara kadhaa bila kumwuliza wala kumwamuru chochote. Halafu shika kipande mahali anapokiona, mtazame, nyamaza, na uhesabu moyoni mpaka kumi, polepole kuliko unavyotamani. Anaweza kukuvuta mkono, anaweza kupiga kitufe chochote kile, anaweza kutazama pembeni. Akigusa "tena", mpe papo hapo. Akigusa "basi", weka bakuli nyuma yako kana kwamba alimaanisha hivyo, subiri kidogo, kisha wewe mwenyewe bonyeza "tena" na mwendelee. Asipogusa kitu, bonyeza wewe na umpe. Simamisha mchezo kabla hajachoka.

Fanya hivyo hivyo siku nzima kwa neno moja moja: unapofunga mlango bonyeza "twende", unapomvua shati lililobana bonyeza "nisaidie". Usiigeuze simu kuwa chumba cha mtihani kwa kumwambia "bonyeza maji, bonyeza maji" mbele ya wageni, na kamwe usimnyime maji anayoyaomba kwa kukuvuta mkono eti mpaka abonyeze. Mpe, na wakati unampa, bonyeza wewe. Wala usimshike mkono kumpeleka kwenye picha. Zipo njia zinazouzwa kwa wazazi ambapo mtu mzima hushika mkono wa mtoto au humshikia ubao wa herufi hewani, na mtoto huonekana akiandika sentensi ndefu. Mwaka 2018 chama cha wataalamu wa usemi na usikivu cha Marekani kilitoa tamko la kuzipinga, kwa sababu majaribio ya ile njia ya kushika mkono yalionyesha kwamba maneno yanatoka kwa anayeshika, na ile ya ubao haina ushahidi kwamba maneno ni ya mtoto.

Baba yake ana hofu ya haki, na wengi wanayo, kwa hiyo mjibu kwa ushahidi badala ya kubishana naye. Mwaka 2006 watafiti watatu wa Marekani, Millar, Light na Schlosser, walichapisha mapitio ya tafiti kuhusu watu wenye matatizo ya ukuaji waliopewa njia mbadala za mawasiliano. Kati ya watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara, hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua. Asilimia 89 waliongeza usemi, ingawa kwa wengi ongezeko halikuwa kubwa, na hilo mwambie pia ili asitarajie miujiza. Mwaka 2014 timu iliyoongozwa na Connie Kasari ilifuatilia watoto 61 wenye usonji, wa miaka mitano hadi minane, waliokuwa na maneno machache sana, yaani watoto wa umri wa huyu wenu. Wote walipata mafunzo ya kuwasiliana kwa njia ya michezo, lakini waliofundishwa tangu mwanzo pamoja na kifaa kinachotoa sauti walifanya vizuri zaidi katika kuanzisha mawasiliano wao wenyewe kuliko waliofundishwa bila kifaa. Sisitiza neno "pamoja": katika utafiti ule, kifaa kilikuwa mikononi mwa watu wazima waliocheza na mtoto na kukitumia wenyewe.

Mama mkwe wako umtoe wasiwasi kwa heshima. Usonji hutokana na namna ubongo unavyokua, urithi wa vinasaba ukiwa na sehemu kubwa, na mwanzo wake ni kabla mtoto hajashika simu yoyote. Ana haki katika jambo moja tu, kwamba saa nyingi za katuni hula muda ambao mtoto angekuwa na watu.

Jambo hilo linanileta kwenye kilio cha jirani wa nyumba ya tatu. Simu moja kwenu ni duka lako, ni televisheni ya mtoto, na sasa unataka iwe pia mdomo wake. Ukiichukua kujibu mteja, umemnyang'anya vyote kwa mkupuo. Hapa ndipo laki mbili zako zinapopaswa kwenda. Nunua simu ya Android iliyotumika, iwe ya mawasiliano peke yake: isiwe na YouTube, isiwe na maputo, isiwe na laini. Dukani, kabla ya kulipa, buruta aikoni kwa kidole kutoka kona hadi kona ya skrini ili uone kama kuna mahali pasipohisi mguso. Piga muziki kwa sauti ya juu, utoke nje barabarani na usikilize kama spika inapasua. Uliza betri inakaa muda gani, halafu usiamini jibu mpaka umeijaribu. Ukifika nyumbani tafuta katika mipangilio kipengele cha kubandika programu kwenye skrini, ambacho Android imekuwa nacho tangu toleo la 5, ili asitoke kwenda kwingine. Na kama vidole vyake hugonga mara mbili mbili au hukawia juu ya kitufe, sehemu ya ufikivu ina marekebisho ya muda wa mguso. Katuni zibaki kwenye simu yako, kwa muda uliowekwa na kengele ya saa ya simu, pamoja na picha ya "imekwisha" unayomwonyesha kabla ya kuichukua. Siku za kwanza atalia bado.

Kishikwambi cha laki tisa na nusu usikikopee. Usonji hauna programu inayoutibu, na anayekuahidi usemi ndani ya miezi mitatu, bila kumwona mtoto, anauza matumaini yako. Hata makampuni makubwa yamewahi kubanwa kwa madai ya namna hiyo: mwaka 2016 kampuni iliyomiliki michezo ya ubongo ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya mamlaka ya Marekani ya kulinda walaji kuituhumu kwa kutangaza faida isizoweza kuzithibitisha. Kama bado unavutiwa, mwombe muuzaji jina la programu iliyomo ndani. Mara nyingi utakuta ni kitu ambacho ungekipakua mwenyewe. Na ukitaka kujaribu programu ya kulipia kutoka duka la Google, fahamu kwamba maombi ya kurudishiwa fedha hupokelewa ndani ya saa 48 tangu kununua. Kwa hiyo inunue siku ambayo utakuwa na nafasi ya kuijaribu, isiwe Jumamosi ya harusi.

Jihadhari pia na kile programu inachokuomba. Programu ya picha na sauti inahitaji kamera na kipaza sauti. Haihitaji orodha ya namba zako wala kujua mlipo. Kataa. Usijaze jina kamili la mtoto, shule yake wala majibu ya daktari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti, na unayo haki ya kumuuliza mtu yeyote, akiwamo yule wa kundi lenu la WhatsApp, anazichukua kwa sababu gani.

Kwa upande wa shule, mwalimu anafuata utaratibu aliopewa, kwa hiyo usianze kwa kumlaumu. Mwandikie mwalimu mkuu barua fupi, ueleze kwamba hicho ni kifaa saidizi, kwamba hakina laini wala michezo, na uambatishe majibu ya hospitali. Nakala mpelekee ofisa wa elimu maalumu wa Jiji. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto huyu kupata elimu na msaada anaouhitaji ili aipate. Wakati unasubiri jibu, kuna njia isiyomhitaji mtu yeyote akuruhusu: piga picha ya skrini ya ukurasa wa kwanza, nenda steshenari ukaichapishe kwa rangi na kuiwekea lamineti, umpe mwalimu nakala moja, moja uitundike karibu na ndoo, moja ikae kwenye begi. Mtoto ataonyesha kwa kidole na mtu mzima atatamka. Nakala hizo zitafaa pia siku umeme unapokatika na siku programu inapopotea. Mwaka 2012 programu moja ya mawasiliano iliyoitwa Speak for Yourself iliondolewa kwenye duka la Apple kwa miezi kadhaa kwa sababu ya kesi ya hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, kati ya makampuni, na familia zilizoitegemea ziliishi kwa wasiwasi kwamba siku kifaa kikiharibika, maneno ya mtoto yatakwenda nacho. Karatasi za steshenari haziguswi na kesi.

Kuna jambo moja ambalo sikuliona katika barua yako. Hukuniambia kama mtoto amepimwa masikio. Kuigiza matangazo ya redio kunaonyesha kwamba anasikia kiasi fulani, lakini hakuonyeshi anasikia kiasi gani, na upungufu wa usikivu huweza kuambatana na usonji bila mtu kuutambua. Rudi na kadi yake kliniki, uombe rufaa ya kitengo cha masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa, na uulize pia kama wana mtaalamu wa tiba ya usemi au wa tiba kazi anayeweza kumwona. Hilo lifanye wiki hii, kabla hujaenda kununua simu.